Dini katika Somo la Fasihi: Maswali Matatu ya Kumwongoza Mwanafunzi

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifunza katika shule moja ya kutwa iliyo kando ya barabara ya Namanga, si mbali na mji wa Kitengela. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu swali la insha kuhusu nafasi ya dini katika jamii. Mmoja wao aliandika kwamba kabla ya wamishenari kufika, Wamaasai hawakuwa na dini bali ushirikina tu. Sarufi yake ilikuwa safi na hoja zake zilipangika vyema. Nilimpa alama za juu na kuisoma insha hiyo mbele ya darasa iwe mfano kwa wengine.

Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja kutoka upande wa Ilbisil alibaki nyuma. Aliniambia, "Mwalimu, nyanya yangu huamka alfajiri, hukamua ng'ombe, kisha hunyunyiza maziwa pande nne akimwomba Enkai atulinde. Kwa hiyo yeye hana dini?" Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia tungelizungumzia siku nyingine, na siku hiyo haikufika.

Makala haya ni jibu nililochelewa kumpa. Yanalenga kumsaidia mwalimu wa fasihi kushughulikia maudhui ya dini bila kugeuka mhubiri, bila kumdhalilisha mwanafunzi yeyote, na bila kuyakwepa. Hoja kuu ni kwamba mhakiki anayeandika kuhusu dini sharti ajiulize maswali matatu: masimulizi haya yana maana gani kwa wenyewe? Dini inayotajwa inadai nini kwa wafuasi wake? Na katika kazi husika, dini hiyo inawafanyia nini watu?

Kwa nini somo la fasihi?

Katika shule za sekondari nchini Kenya, masomo ya dini hufunzwa kwa mikondo: kuna Elimu ya Dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Mwanafunzi huchagua mkondo mmoja, na mara nyingi huchagua ule wa nyumbani kwao. Hivi ni kusema kwamba anaweza kumaliza shule akiwa ameisoma dini yake miaka mingi bila kuketi hata siku moja kujadili dini ya jirani yake kwa utulivu.

Somo la Kiswahili halina mikondo. Katika kipindi cha fasihi Mkatoliki, Msabato, Mkorino, Mwislamu na yule ambaye wazee wake wangali wanamwomba Enkai huketi pamoja na kusoma kitabu kimoja. Hali hii inaonekana wazi katika kaunti ya Kajiado. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika kaunti hii, na mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na zaidi ya watu 150,000. Wengi wao ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji kutoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja amekuja na imani yake. Darasa la Kitengela ni Kenya ndogo.

Aidha, Katiba ya mwaka 2010 inasema katika kifungu cha 8 kwamba Kenya haina dini ya taifa, na katika kifungu cha 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani. Mwalimu wa fasihi hana budi kuulinda uhuru huo darasani. Njia ya kuulinda si kunyamaza. Fasihi yetu imejaa dini tangu tendi za kale za pwani hadi riwaya za leo, na anayeiruka dini huruka nusu ya kitabu.

Dini ni nini kwa mhakiki?

Kosa la mwanafunzi wangu lilianzia kwenye maana ya neno lenyewe. Kwake yeye, dini ni kitabu kitakatifu, jengo na kiongozi mwenye cheo. Kipimo hiki ni chembamba mno. Msomi wa Kiskoti Ninian Smart, aliyeandika sana kuhusu dini za ulimwengu katika nusu ya pili ya karne ya 20, alipendekeza tuitazame dini kwa pande saba: ibada, tajriba za kiroho, masimulizi matakatifu, mafundisho, maadili, jumuiya na uongozi wake, na hatimaye vitu na mahali patakatifu.

Tukiipima imani ya jadi ya Wamaasai kwa pande hizo, hatukosi hata upande mmoja. Ibada ipo katika dua za wazee na katika maziwa ya alfajiri. Tajriba ipo katika ndoto na maono ya oloiboni. Masimulizi yapo: Enkai aliwashushia Wamaasai ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Mafundisho yapo: Enkai Narok, yaani mweusi, ni wa mvua na neema; Enkai Nanyokie, yaani mwekundu, ni wa kiangazi na ghadhabu. Maadili yamejengwa juu ya enkanyit, yaani heshima. Uongozi wa kiroho umekuwa mikononi mwa iloibonok wa ukoo wa Enkidong. Mahali patakatifu ni kama Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu ulio upande wa Tanzania, na mti wa oreteti.

Kwa hivyo nyanya wa msichana yule ana dini. Neno "ushirikina" si jina la dini yake. Ni hukumu inayotolewa na mtu aliyesimama ndani ya dini nyingine. Mhusika katika riwaya anaweza kulitumia, na mhakiki ataeleza kwa nini mhusika huyo analitumia. Lakini mhakiki mwenyewe akilitumia kama jina la kawaida, atakuwa ameacha uhakiki na kuingia mimbarini.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika upande wa pili pia. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitetea kwa nguvu hadhi ya dini za Kiafrika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1969, na akaonyesha kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya wageni kuja. Okot p'Bitek wa Uganda hakuridhika. Katika kitabu cha mwaka 1970 alilalamika kwamba wasomi wa aina hiyo waliivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya kigeni ili ifanane na Mungu wa Wakristo. Mjadala wao unatufaa. Tukisema tu kwamba Enkai ni Mungu yule yule wa Biblia na kufunga mazungumzo, huenda tukafuta yale yanayomfanya Enkai awe Enkai: kwamba jina lake ni lile lile la mvua na mbingu, na kwamba katika sarufi ya Kimaa limo katika jinsia ya kike.

Swali la kwanza: Masimulizi haya yana maana gani kwa wenyewe?

Tuchukue mfano kutoka fasihi simulizi. Wanafunzi wetu huyajua majina Batian na Lenana kupitia somo la Jiografia, kwa kuwa ni vilele vya Mlima Kenya. Wachache hujua kwamba vilele hivyo vilipewa majina ya iloibonok, baba na mwana.

Mighani yasema kwamba Mbatian alipokuwa mzee alimwita mwanawe Sendeyo na kumwagiza aje asubuhi apokee vifaa vya uganga, ishara ya uongozi. Mwana mwingine, Lenana, aliyasikia maneno hayo kwa siri. Alidamka mapema, akaenda kwa baba yake na kujitambulisha kuwa ni Sendeyo. Mzee, ambaye macho yake hayakuona vyema, alimpa vifaa na baraka. Sendeyo alipofika alikuta mambo yamekwisha. Alikataa kuwa chini ya ndugu yake, na uhasama ukazuka baina ya makundi yao.

Kila darasa nililolisimulia mighani hii, mkono umeinuliwa upesi: "Mwalimu, hiyo ni hadithi ya Yakobo na Esau!" Ufanano ni wa kweli, na mwanafunzi anayeuona apongezwe. Lakini hapa ndipo swali letu la kwanza linapohitajika. Mwaka 1904 Moritz Merker, afisa wa jeshi la Kijerumani, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu Wamaasai. Kutokana na ufanano kati ya masimulizi yao na Agano la Kale, alidai kwamba wana asili moja na Waisraeli wa kale. Dai hilo halikubaliki leo. Huenda baadhi ya wasimulizi walikuwa tayari wamesikia mafunzo ya wamishenari. Isitoshe, jamii zozote zinazofuga mifugo na kurithisha uongozi kutoka kwa baba hadi kwa mwana zitakabiliwa na swali lile lile: mrithi ni nani, na itakuwaje baraka ikienda kwa asiyekusudiwa?

Mwanafunzi aongozwe kuuliza maana ya kila hadithi kwa wenyewe. Hadithi ya Yakobo inaeleza chimbuko la taifa na agano lake na Mungu. Mighani ya Lenana inaeleza mgawanyiko uliowapata Wamaasai mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa tauni ya ng'ombe, ndui na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na pia inahoji uhalali wa kiongozi ambaye Waingereza walimtambua na kutia naye saini mkataba wa mwaka 1904. Motifu ni moja, dhima ni mbili. Kulinganisha dini ni kuona yote mawili.

Swali la pili: Dini yenyewe inadai nini?

Katika karatasi nyingi nilizosahihisha, jibu la swali la dini huwa sentensi moja: "Mwandishi anaonyesha kuwa dini ni unafiki." Wengine huongeza kwamba dini ni kasumba, fikra ambayo asili yake ni maandishi ya Karl Marx ya miaka ya 1840, bila kueleza kasumba hiyo inamlewesha nani na kwa faida ya nani.

Tuitazame riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na ambayo iliwahi kutahiniwa katika shule zetu. Bwana Maksuudi hujionyesha mcha Mungu mbele ya watu, lakini nyumbani ni mkatili na katika mambo yake ya siri ni mchafu. Binti yake Maimuna anafungiwa ndani kwa jina la heshima na dini, na matokeo yake tunayajua. Je, riwaya hii inaishambulia dini?

Neno "mnafiki" lenyewe linatupa jibu. Limetokana na Kiarabu, na lina uzito mkubwa katika Kurani, ambamo sura nzima, ya 63, imepewa jina la wanafiki. Sura ya 107 nayo inawakaripia wanaosali ili waonekane huku wakiwanyima wengine hata msaada mdogo. Kwa hiyo tunapomwita Maksuudi mnafiki, tunamhukumu kwa mizani ya dini ile ile anayojifunika nayo. Wakristo wana mizani kama hiyo: katika Mathayo 23 Yesu anawakemea waandishi na Mafarisayo, na katika kitabu cha Amosi Mungu anazikataa sikukuu za watu wasiotenda haki. Wamaasai nao hupima mtu kwa enkanyit, wala si kwa maneno yake.

Hoja hii ni muhimu kwa mwalimu wa darasa mseto. Mwanafunzi Mwislamu anapoambiwa kwamba Utengano unaonyesha unafiki wa Waislamu, hujikunyata kitini. Anapoonyeshwa kwamba riwaya inamtia hatiani Maksuudi kwa sababu ameusaliti Uislamu, yeye ndiye atakayekuwa shahidi bora darasani, maana anaijua sheria iliyovunjwa. Ujuzi wa dini hapo umekuwa nyenzo ya uhakiki.

Swali la tatu: Dini inawafanyia nini watu?

Dini katika jamii huweza kufariji, kuunganisha, kudhibiti, kutenga au kukomboa. Mara nyingi hufanya zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mwanafunzi asitosheke kusema kwamba dini imetajwa. Aonyeshe inatenda nini.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), jina la mhusika mkuu ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Maana yake ni waridi la fumbo. Mama yake anaitwa Regina, yaani malkia, ambayo ni sifa nyingine ya Maria. Msomaji asiyelijua hilo hukosa kinaya kilichomo katika jalada: msichana aliyebebeshwa jina la usafi kamili anavunjwavunjwa na malezi ya baba mlevi na mkali, na na jamii inayodai usafi kwa wasichana bila kuwaandaa. Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Swali la kujadili darasani ni hili: je, ni imani iliyomwangusha Rosa, au ni watu waliodai matunda ya imani bila kuupalilia mti?

Upande mwingine kuna Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Karama anashtakiwa, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta maarifa ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja aliporudi alitupwa gerezani. Motifu ya mjumbe anayekataliwa na watu wake inajulikana katika dini nyingi: Yeremia alitupwa shimoni, Yesu alikataliwa kwao Nazareti, na Mtume Muhammad alilazimika kuhama Makka kwenda Madina mwaka 622. Mwandishi anaichukua motifu hiyo na kuitumia kuhoji utawala dhalimu chini ya ukoloni. Hapa dini haimlazi mtu usingizi. Inampa msamiati wa kumkabili mwenye nguvu.

Kiswahili chenyewe ni shahidi

Mwalimu anaweza kuanza mada hii kwa zoezi dogo la msamiati. Awaombe wanafunzi kuorodhesha maneno ya kidini wanayoyatumia, kisha wachunguze asili yake. Watagundua kwamba dini, sala, dhambi, toba, malaika na shetani ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na kwamba hata kanisa, msalaba na askofu yalipitia huko. Padre limetoka kwa Wareno. Mungu ni neno la Kibantu, na Waislamu na Wakristo wote hulitumia. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Biblia, aliikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na karne nyingi za kuzungumza na Mungu. Mkristo wa Kitengela anapotubu dhambi zake kwa Kiswahili, anatumia maneno yaliyonolewa na washairi Waislamu wa Pate na Lamu. Zoezi hili halimwudhi mtu, na huleta tabasamu darasani.

Kujibu swali la mtihani

Tuseme swali ni: "Jadili nafasi ya dini katika Utengano." Jibu dhaifu litasema: "Dini ni unafiki kwa sababu Maksuudi ni mnafiki." Jibu lenye nguvu litasema: "Maksuudi anatumia mwonekano wa dini kujijengea heshima na kuwadhibiti wanawake wa nyumba yake. Mwandishi anamhukumu kwa maadili ya dini hiyo hiyo, hivyo anaonyesha pengo kati ya imani na matendo. Athari yake ni utengano katika familia." Jibu la pili limetaja mhusika, tendo, mizani na athari, na kila mojawapo litaungwa mkono kwa mfano kutoka riwayani.

Mwalimu naye achunge kauli zake. Aseme "Waislamu huamini", "kwa mujibu wa Wakristo", "wazee wa Kimaasai husema". Asimlazimishe mwanafunzi yeyote kuitetea au kuikana imani yake mbele ya wenzake. Akiulizwa imani yake mwenyewe anaweza kuitaja kwa kifupi, lakini alama zisitolewe kwa kukubaliana naye.

Nje ya ukumbi wa mtihani

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza kama haya yote yana haja, ilhali muhula ni mfupi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ni ya watu walioelezwa kwamba walifunga chakula hadi kufa wakitarajia kukutana na Yesu, na watoto walikuwa miongoni mwao. Mwanafunzi aliyezoea kumwuliza mhusika wa riwaya, "Unasema kwa niaba ya nani? Je, dini yako inadai haya kweli? Na anayeumia ni nani?" atamwuliza mhubiri yeyote maswali hayo hayo.

Tena tukumbuke basi lililoshambuliwa karibu na Mandera mnamo Desemba 2015. Washambulizi waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo ili Wakristo wauawe. Abiria Waislamu walikataa. Salah Farah, aliyekuwa mwalimu, alipigwa risasi na kufariki Januari 2016. Mwenzetu huyo hakuiacha dini yake ili kumwokoa jirani. Dini yake ilimfunza kumwokoa. Shakahola na Mandera zote ni sehemu ya jibu la swali kuhusu nafasi ya dini katika jamii, na mwanafunzi anayejua moja tu amejua nusu.

Hitimisho

Msichana yule wa Ilbisil alimaliza shule zamani. Kama ningempata leo ningemwambia kwamba nyanya yake ana dini, kwamba mwalimu wake alikosea kuusifu ujinga kwa kuwa uliandikwa kwa sarufi nzuri, na kwamba swali lake lilikuwa uhakiki bora kuliko insha yote niliyoisoma siku ile. Kwa kuwa siwezi kumwambia, nawaambia walimu wenzangu: anayebaki nyuma baada ya kipindi asikilizwe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Simulia mighani moja kutoka jamii yako inayohusu baraka au laana. Eleza dhima yake kwa jamii hiyo, kisha uilinganishe na hadithi moja kutoka dini nyingine.
2. "Mnafiki huhukumiwa kwa dini yake mwenyewe." Jadili kwa kurejelea mhusika mmoja kutoka riwaya au tamthilia uliyosoma.
3. Chagua majina matatu ya wahusika yenye asili ya kidini katika kitabu kiteule. Onyesha jinsi mwandishi anavyoyatumia kujenga au kubomoa matarajio ya msomaji.
4. Eleza tofauti kati ya kauli ya muumini na kauli ya mhakiki. Toa mfano mmoja wa kila kauli.